Corolla AE100 ya 1994: sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) haishuki chini ya 1500 hata baada ya mwendo mrefu

Mwalimu wa Mbalizi

Habari zenu ndugu zangu. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha ambayo sitaweza kuirudisha. Nina Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini ya 5A-FE yenye cc 1498, gia otomatiki, ambayo niliinunua Dar es Salaam mwezi Machi na kuipandisha Mbeya mwenyewe. Njiani halikunisumbua kwa lolote. Tatizo lilianza kujionyesha baada ya kufika huku, na tangu baridi ya Juni ilipoingia limezidi.

Asubuhi nikiliwasha, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unapanda hadi 1800, na hilo sikulishangaa kwa sababu najua injini ya baridi huzunguka haraka. Kinachonishangaza ni kwamba ninapofika mjini, baada ya kupanda Iwambi na kusubiri kwenye foleni ya Mafiati, mshale bado umeganda kwenye 1500 huku mguu wangu ukiwa kwenye breki tu. Nikitoa gia kutoka N kuingiza D, gari linaruka kama limesukumwa kwa nyuma. Jioni ninaporudi nyumbani nikiteremka Iwambi, gari linanivuta kwenda mbele na breki zinafanya kazi kubwa kuliko ninavyopenda, na kwa wanaoujua mteremko ule sina haja ya kueleza hofu ninayoipata.

Fundi wa kwanza alisafisha throtobodi (mlango wa hewa ya injini) kwa dawa, akabadilisha plagi, kisha akachezea skrubu ndogo iliyo kando ya throtobodi kwa bisibisi. Sailensa haikushuka, kwa kumbukumbu yangu ilikuwa 1400 na baada ya hapo ikawa 1500. Fundi wa pili amesikiliza injini kwa dakika moja na kuniambia ninunue throtobodi nzima ya mtumba pamoja na vali yake ya sailensa. Taa ya cheki injini haiwaki, na maji ya rejeta hayapungui. Je, ninunue?

Fundi Mstaafu, Tanga

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Usinunue kwanza. Inawezekana throtobodi yako ni mbovu, lakini katika maelezo yako sioni kitu chochote kilichothibitisha hivyo, na throtobodi ya mtumba ni kitu usichojua kilitoka kwenye gari la namna gani.

Injini ya petroli hufuata hewa. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, hupima hewa iliyoingia na kumwaga mafuta yanayolingana nayo, kwa hiyo injini inayozunguka 1500 bila kukanyagwa inapata hewa nyingi kuliko inayostahili wakati wa sailensa, ambayo kwa injini yako ikishapata moto inapaswa kukaa kati ya 700 na 850. Hewa hiyo ina milango mitatu: sahani ya throtobodi ambayo haijafunga sawasawa, vali ya sailensa (inayopitisha hewa kando ya sahani) iliyofunguka, au ufa na mpira uliotoboka mahali fulani baada ya throtobodi. Wengi wetu tunajua milango hii. Tunachosahau ni kuuliza, pale tunapokuta vali ya sailensa imefunguka, kama imekwama au imefunguliwa kwa amri. Kontroboksi ikipewa taarifa kwamba injini ni ya baridi, inaifungua vali ile kwa makusudi ili injini isizime, na itaendelea kuiacha wazi mpaka ipewe taarifa tofauti. Vali ya namna hiyo ni nzima kabisa, na ukiibadilisha mara tano utapata matokeo yaleyale mara tano.

Kwa hiyo ninaomba ufanye mambo mawili ukishatoka kwenye mwendo mrefu, kabla injini haijapoa. La kwanza: fungua mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye nyumba ya filta, ukiwa umezima gari, kisha uliwashe tena. Ndani ya mdomo wa throtobodi, upande wa nje wa sahani, utaona tundu linalopeleka hewa kwenye vali ya sailensa. Liwekee kidole. Injini ikizama mpaka karibu kuzima, hewa yote ya ziada ilikuwa inapita hapo. Ikiendelea kuzunguka kwa haraka, ipo hewa inayopita kwenye sahani au kwenye ufa. Chunga mikono na nguo karibu na mikanda, na usifanye jambo hili peke yako.

La pili ni rahisi zaidi. Tafuta sensa ya joto la maji inayopeleka taarifa kwenye kontroboksi, ambayo soketi yake ina waya mbili. Usiichanganye na ile ya waya mmoja, ambayo kazi yake ni kusogeza mshale kwenye dashibodi tu. Chomoa soketi yake injini ikiwa inaunguruma. Taa ya cheki injini itawaka, usiogope. Toyota walitengeneza kontroboksi hizi kwamba sensa hiyo ikikatika, ichukulie maji yana joto la nyuzi 80 na kuendelea na kazi. Sailensa ikishuka ulipochomoa, basi ilikuwa juu kwa sababu kontroboksi iliamini injini ni ya baridi.

Na swali moja: mshale wa joto unafika wapi ukishafika mjini?

Dereva wa Likoni

Ninaungana na mzee hapo juu, ila ningependa kuongeza mlango mmoja ambao ulinitesa miezi mingi, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba upo. Corolla za kizazi hiki zenye stelingi ya pawa zina vali ndogo kwenye pampu ya stelingi, yenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye mfumo wa hewa. Kazi yake ni kuongeza hewa kidogo unapokata kona gari likiwa limesimama, ili injini isizimike kwa mzigo wa pampu. Gari langu lilikuwa linapanda hadi 1800, linashuka hadi 1000, linapanda tena, bila kukoma, kama mtu anayekanyaga na kuachia. Mimi pia niliambiwa ninunue throtobodi, na niliinunua, na hali haikubadilika hata kidogo.

Siku moja nilishika mpira mmoja wa pampu ile na vidole vyangu vikarudi na mafuta mekundu. Mpira ulikuwa umelainika kwa mafuta ya stelingi mpaka ukawa kama utomvu, na kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki, ulikuwa umepasuka urefu wa ukucha. Niliubana kwa plaizi niliyoizungushia kitambaa, na hapo hapo injini ikatulia. Mpira mpya wa kawaida wa hewa ulimaliza kazi.

Jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa ni kwa nini injini ilipanda badala ya kutetemeka. Nimekuja kujua kwamba injini hizi hazina mita ya hewa mlangoni. Zina sensa inayopima mgandamizo ndani ya menifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Hewa ikipenya kwenye ufa, mgandamizo unapanda, kontroboksi inaona kwamba hewa imeongezeka, nayo inamwaga mafuta ya kutosha. Matokeo yake ufa unafanya kazi sawa na mguu kwenye pedeli. Kwenye magari yenye mita ya hewa mambo ni tofauti, kwa sababu hewa ya ufa haikupita kwenye mita, mafuta hayaongezwi, na injini inatetemeka na kukosa. Na kule kupanda na kushuka ni kwa sababu mizunguko ikizidi kiwango wakati hujakanyaga, kontroboksi inakata mafuta, injini inashuka, mafuta yanarudi, nayo inapanda tena.

Kwa hiyo bana mpira mmoja mmoja: wa busta ya breki, wa kupumulia injini, na hiyo miwili ya stelingi. Mpira wa breki uubane gari likiwa limesimama tu, na uuachie kabla ya kuondoka. Ninawaomba pia wasomaji wengine wasipulizie petroli wala dawa ya kusafishia kabureta kwenye injini ya moto kwa ajili ya kutafuta ufa, kama wengi wanavyofanya. Bomba la moshi liko karibu mno. Maji ya kunyunyizia nguo yanatosha, kwa sababu tone likiziba ufa kwa sekunde moja, utasikia mlio ukibadilika.

Mkazi wa Temeke

Kwa upande wangu naona tunalifanya jambo kuwa gumu. Ninaendesha gari la aina hiyo hiyo hapa Dar es Salaam. Fundi wangu aliondoa thamostati, kile kifaa kinachodhibiti maji ya kupoza injini, miaka mitatu iliyopita kwa sababu nchi yetu ni ya joto na kifaa kile kiliwekwa kwa ajili ya nchi za theluji, na sijawahi kupata tatizo la sailensa wala la kuchemsha. Nafikiri mwalimu asafishe vali ya sailensa tu na arudishe skrubu mahali pake.

Mwalimu wa Mbalizi

Mzee fundi, shikamoo. Ninawashukuru wote. Jana nilikwenda mjini na kurudi, kisha nikasaidiana na shemeji yangu kufanya vipimo vyote mlivyoniagiza.

Mshale wa joto ndio ulionifanya nijilaumu, kwa sababu umekuwa mbele ya macho yangu muda wote na nilikuwa nautafsiri kama dalili njema. Hauachi mstari wa chini kabisa. Baada ya kupanda Iwambi unanyanyuka upana wa mshale wenyewe, na nikishuka unalala tena.

Nilipoziba lile tundu kwa kidole, injini ilishuka kutoka 1500 hadi 1000, lakini haikuelekea kuzima. Nilipochomoa soketi ya sensa ya maji, ilishuka hadi 1200 na taa ikawaka kama ulivyosema. Mipira niliibana yote na hakuna uliobadilisha chochote, na ile ya pampu ya stelingi ni mikavu. Je, hii ina maana sensa ya maji ni mbovu?

Fundi Mstaafu, Tanga

Marahaba mwanangu, na umefanya kazi nzuri. Vipimo vyako vinaonyesha kwamba una matatizo mawili yaliyopandana, ndiyo maana kila aliyeshughulikia moja aliona hakuna kilichobadilika.

Tuanze na sensa. Sidhani kama ni mbovu, kwa sababu mshale wa dashibodi una sensa yake tofauti, na yenyewe inasema neno lile lile: injini ni ya baridi. Mashahidi wawili wasiojuana wakisema jambo moja, ninawaamini. Ukitaka uhakika, ipime kwa mita: maji yakiwa na nyuzi 20 inapaswa kusoma kati ya omu 2000 na 3000, na yakifika nyuzi 80 ishuke mpaka kati ya 200 na 400. Lakini kabla ya hapo fungua nyumba ya thamostati. Ninaamini utakuta pamebaki tupu.

Hapa ninapenda nimjibu ndugu yangu wa Temeke kwa heshima, kwa sababu jambo hili limeharibu injini nyingi na linasemwa kila gereji. Thamostati si kifaa cha theluji. Ni mlango unaobaki umefungwa mpaka maji yaliyo ndani ya injini yafike takriban nyuzi 82, kisha unafunguka kadiri inavyohitajika. Injini hutaka joto hilo ikiwa Oslo na ikiwa Dodoma. Ukiuondoa mlango, maji yanakwenda kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na gari likiwa kwenye mwendo upepo unayapoza haraka kuliko injini inavyoyapasha. Kontroboksi inaendelea kuamini kwamba ni asubuhi: inaongeza mafuta, inaacha vali wazi, oili haifiki joto la kuchoma unyevunyevu wake, na mafuta ya ziada yanaosha kuta za silinda. Sababu ya wewe kutoliona tatizo ni Dar es Salaam yenyewe. Kwenye foleni, hewa ikiwa na nyuzi 32 na gari halitembei, injini hupata moto hata bila thamostati. Gari hilo hilo ukilipeleka Mbeya mwezi Juni litakuonyesha kile alichokiona mwalimu, naye ameshasema kwamba tatizo lilijitokeza baada ya kupanda huko.

Mara nyingi thamostati huondolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, na linachemsha kwa sababu rejeta imeziba kwa kutu ya maji ya bomba. Kwa hiyo mwalimu, ukirudisha thamostati, uangalie mshale kwa makini siku za mwanzo, kwa kuwa inawezekana mwenye gari wa kwanza alificha rejeta mbovu kwa njia hiyo. Unapoifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wake kielekee juu ili hewa ipate pa kutokea. Tia kulanti (dawa ya rejeta) badala ya maji matupu, na uliache gari liungurume mfuniko wa rejeta ukiwa wazi tangu likiwa la baridi mpaka mapovu yaishe.

Tatizo la pili ni lile la skrubu. Ulipoziba tundu, injini ilipaswa kuzama, lakini ilibaki kwenye 1000. Na kwa kuwa mipira ni mizima, hewa inapita kwenye sahani. Skrubu ile haikuwekwa kwa ajili ya kurekebisha sailensa. Imewekwa ili sahani isikwame kwenye ukuta wa throtobodi inapofunga, na kiwandani huwekwa mara moja. Aliyeikaza ameinyanyua sahani. Ukishamaliza habari ya thamostati, fanya hivi: kwenye kile kisanduku cheusi kidogo cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, chenye maandishi ndani ya mfuniko, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, gia ikiwa P na kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kisha hesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo sawa, hakuna kosa. Ikikonyeza mara tano, ikapumzika, kisha mara moja, hiyo ni 51, na kwa hali niliyoieleza ina maana kontroboksi inadhani mguu wako uko kwenye pedeli. Unaweza kukuta na 22 kwa sababu ulichomoa sensa. Hiyo utaifuta kwa kuondoa betri kwa muda.

Mkazi wa Temeke

Mzee, nimekuelewa na ninashukuru. Safari za Morogoro huwa naona mshale unashuka mpaka chini nikiwa barabara kuu, na nilikuwa nafurahia. Wiki hii nitairudisha thamostati.

Mwalimu wa Mbalizi

Naleta majibu baada ya siku nane, kwa sababu nilisubiri thamostati itoke mjini.

Nyumba ya thamostati ilikuwa tupu, kama mzee alivyosema. Hata mpira wake wa kuziba haukuwepo. Aliyeiondoa alipaka gundi nyekundu pembeni na kufunga. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Tulisafisha mfumo mara tatu mpaka maji yakatoka meupe, tukafunga thamostati mpya ya nyuzi 82 na kutia kulanti. Asubuhi iliyofuata injini ilianza kwenye 1800 kama kawaida, na kabla sijaanza kupanda Iwambi mshale wa joto ulikuwa unakaribia katikati. Niliposimama Mafiati, sailensa ilikuwa 1050.

Kisha nikaunganisha TE1 na E1. Taa ilikonyeza mara mbili na mbili, na baadaye tano na moja. Niliondoa betri, nikarudia, na 22 ikaondoka lakini 51 ikabaki. Nililegeza skrubu mpaka ikaacha kugusa mkono wa sahani, nikaona alama ya rangi ya zamani iliyokatika pale ilipokuwa imekaa tangu kiwandani, nikaikaza taratibu mpaka ikaugusa mkono kwa shida na sahani ikawa inafunga bila kukwama. Nikaangalia pia kwamba waya wa pedeli ya mafuta haujakaza. Nilipohesabu tena, taa ilikonyeza mfululizo bila kupumzika. Sasa injini inatulia kwenye 750, naingiza D bila gari kuruka, na juzi nimeshuka Iwambi nikiwa nimeliweka kwenye 2, breki nikizigusa mara chache tu.

Limebaki swali moja. Nikiwasha kiyoyozi, sailensa inapanda hadi kama 900 na kubaki hapo. Je, nisafishe vali ya sailensa?

Fundi Mstaafu, Tanga

Hapana, iache. Kompresa ya kiyoyozi ni mzigo, na kontroboksi inaongeza hewa ili injini isizidiwe. Ukizima kiyoyozi irudi kwenye 750. Isiporudi, uje tena hapa. Jambo moja tu la kufanya kwa sasa: asubuhi gari likiwa la baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta uangalie kama kulanti imeshuka, kwa sababu mapovu yaliyofichika hutoka siku za mwanzo, na kimo kikishuka, ongeza kulanti ile ile. Vali hiyo hupitiwa na maji hayo hayo ya injini, kwa hiyo kutu uliyoimwaga ilikuwa inapita humo pia, na ukiitunza kulanti, vali itakaa muda mrefu.

Halafu, kama hujaitupa ile gundi nyekundu, angalia kama vipande vyake havikuingia kwenye rejeta. Vikiingia humo huziba mabomba madogo, na mshale utakuonyesha siku utakapopanda Iwambi ukiwa na abiria wanne na mizigo.

Mwalimu wa Mbalizi

Nimeangalia asubuhi ya leo. Kulanti ilishuka upana wa kidole, nimeongeza. Vipande viwili vya gundi nimevitoa kwenye mdomo wa rejeta kwa waya uliokunjwa, na Jumamosi nitaishusha rejeta yote niisafishe.